Loisi Wetu wa Karungu

 

Neno letu leo ni 2 Timotheo 1:5. Fungua Biblia yako mwenyewe, usinitegemee mimi. Paulo yuko kifungoni, anajua siku zake si nyingi, na anapomwandikia kijana wake Timotheo anakumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya mama mmoja mzee, Loisi. Biblia zetu za zamani zinamwita bibi wa Timotheo, na kila nikisoma mstari huo kanisani kuna kijana anayetabasamu, maana huku kwetu bibi ni mke. Ni nyanya, wapendwa. Ni dani. Katika Agano Jipya lote hakuna nyanya mwingine anayetajwa kama nyanya wa mtu. Hatuambiwi Loisi alihubiri mji gani wala aliombea nani akapona. Tunajua tu alikuwa na mjukuu, na mjukuu huyo aliyajua maandiko tangu utotoni, 3:15. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, Matendo 16:1, na kuhusu imani ya huyo baba Biblia imenyamaza. Basi kuna mtu nyumbani aliyekuwa akifundisha.

Nataka nikuambie habari za Loisi mmoja ninayemjua mimi. Amenikubalia niandike, kwa sharti nisitaje jina lake na nisiweke picha. Anasema picha ni za matanga. Nitamwita vile majirani wanavyomwita, Nyar Gwassi, binti wa Gwassi. Wake waliotoka Gwassi kuolewa hapa kwetu ni wengi, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta.

Alianza kufundisha mwaka 1971 kama mwalimu wa P3. Wenye mvi wanajua P3 ni nini: ngazi ya chini, mshahara wa kununua sukari na sabuni. Akaolewa kwa mkulima. Unajua ardhi yetu. Jua ni kali, mvua inakuja ikitaka, na ziwa liko hapo chini unaliona lakini halipandi mlima kuja shambani kwako. Walilima pamba mpaka pamba ikakosa bei, wakabaki na mtama, mihogo na njugu. Msimu wa kulima alikuwa shambani kabla hakujapambazuka, akiongoza ng'ombe mbele huku mumewe ameshika plau. Saa moja anaoga, saa mbili kasoro yuko darasani na chaki mkononi. Jioni anasahihisha vitabu vya watoto kwa koroboi. Nilimuuliza alikuwa akilala saa ngapi. Akanijibu, "Mchungaji, Jumapili wakati wa mahubiri." Sikumuuliza tena.

Mumewe alifariki mwaka 1996. Hapa nitasema wazi, kwa sababu wengi wenu mmepitia na mnanyamaza. Kwetu Waluo mama wa boma ndiye anayeanza kupanda, ndipo wake za wanawe wafuate. Akiwa mjane ambaye hajarithiwa, wazee wanasema mbegu haiwezi kutoka. Alikuwa ameokoka, akakataa kurithiwa. Basi boma zima likakaa bila kupanda, wengine wakimlaumu yeye, wakisema ataleta chira. Shemeji zake walikataa hata kumwazima ng'ombe. Siku moja alfajiri akachukua jembe na mbegu, akaita wanawe na wake zao, wakaomba kwenye mpaka wa shamba, akapanda mstari wa kwanza kwa mkono wake. Halafu akaenda shule, maana ilikuwa siku ya kazi.

Najua ushuhuda unaousubiri. Mvua haikunyesha siku hiyo. Haikunyesha wiki tatu, na mbegu nyingi iliharibika. Alinunua mbegu nyingine kwa mkopo akapanda tena. Alivuna kidogo. Lakini tangu mwaka huo hakuna mke wa boma lile aliyengoja ruhusa ya mtu ili alishe watoto wake.

Halafu ukaja wakati ambao sisi wa Nyanza hatupendi kuutaja. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, lakini hapa makaburi yalikuwa yametangaza mapema. Hata miaka 8 baadaye, utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta karibu watu wazima 15 kati ya kila 100 Nyanza wana virusi, wakati nchi nzima ni kama 7. Nyar Gwassi alizika binti, akazika mwana, akazika mke wa huyo mwana, ndani ya miaka minne. Wajukuu sita wakabaki kwake. Wamishonari Wakatoliki walikuwa wamefungua hospitali ya St. Camillus hapa Karungu, na nyumba ya yatima wakaiita Dala Kiye, boma la yatima. Mungu awabariki, walifanya kazi ambayo sisi wengine tulikuwa bado tunaifanyia semina. Lakini yatima wengi wa pande hizi hawakulelewa katika nyumba yoyote yenye kibao mlangoni. Walilelewa na nyanya zao.

Mwaka 2003 shule za msingi zikawa bila karo, na darasa lake likajaa mpaka watoto wakakaa sakafuni. Wawili kati yao walikuwa wajukuu wake. Shuleni ilikuwa lazima wamwite mwalimu. Mmoja akasahau akamwita dani mbele ya darasa, watoto wote wakacheka. Anasema siku iliyofuata nusu ya darasa walikuwa wakimwita dani, na akaacha hivyo, kwa sababu alijua wengine hawakuwa na mtu wa kumwita chochote nyumbani.

Alistaafu 2005 akiwa na miaka 55, kama sheria ilivyokuwa wakati huo. Malipo yake ya kustaafu yaliisha kwa mabati na karo ya sekondari.

Mjukuu wa mwisho alizaliwa na virusi. Dawa zilipopatikana bure akaanza kuzitumia, kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa. Nyumba haikuwa na saa ya ukutani. Mwalimu akafanya kama mwalimu: nyuma ya mlango akachora rejista kwa chaki. Mistari ya siku, asubuhi na jioni. Taarifa ya habari ya saa moja ikianza redioni, mtoto anameza, anaweka alama mwenyewe. Mwisho wa mwezi mlango unafutwa kwa kitambaa, rejista mpya inaanza. Miaka sita alifanya hivyo, mpaka kijana akapata simu yenye kengele. Leo ni fundi wa injini za boti pale Sori, ana mke na ana mtoto. Amesema niandike hilo, kwa sababu kuna kijana mahali fulani ameacha dawa akidai ameponywa. Kijana, kama ni wewe, nakuambia mimi mchungaji wako ninayeamini uponyaji: kunywa dawa zako. Daktari ndiye wa kukuambia uache.

Wazee wetu walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee aliyeitwa pim, ambako watoto walilala na kufundishwa hadithi, adabu na ukoo. Kwa hiyo nyanya kuwa mwalimu si jambo geni kwetu. Hata yule Mama Sarah wa Kogelo, ambaye dunia ilimjua kwa sababu ya mjukuu wake Obama na aliyetuacha Machi 2021, hakusoma shule, lakini alipigania watoto wasome na akawasaidia yatima. Alikuwa Mwislamu na mimi ni mpentekoste, na heshima yangu kwake ni kamili.

Sasa nije kwako wewe unayesoma, na usikimbie.

Nyar Gwassi ana miaka zaidi ya 70. Kwa sababu ana pensheni ya ualimu, hayumo kwenye Inua Jamii, na hiyo pensheni unajua ni ya kiasi gani. Nyumbani kwake sasa kuna watoto wanne, na hawa si yatima. Ni vitukuu. Wazazi wao wako hai, wako mjini, wana kazi. Waliwaleta na basi la usiku wakiwa na begi moja moja, wakasema ni kwa muhula mmoja tu. Muhula huo una miaka miwili. Elfu mbili inakuja kwa simu, mwezi mwingine haiji. Naye magoti yanamuuma, na kisima ni mbali.

Soma 1 Timotheo 5:4. Paulo anawataja watoto na wajukuu, na anasema wajifunze kuwalipa waliowazaa. Neno ni kulipa, kama deni. Mama huyu alilea kizazi kimoja kwa wajibu na cha pili kwa msiba. Cha tatu analea kwa sababu hatuwezi kumwambia hapana mtu wa nyumba ya kupanga Nairobi. Siku atakapolala tutakodi hema, tutachapa wasifu wa rangi wenye picha ile aliyoikataa, na wajukuu watashindana kulia kwenye maikrofoni. Nimehudhuria mazishi mengi ya namna hiyo, na nimeanza kuwauliza wasemaji swali moja kabla sijawapa nafasi: mara ya mwisho ulimtekea maji lini? Wengine wamenuna. Wanune.

Kwa hiyo kama una mtoto kwa nyanya yake, mpigie mama huyo leo. Muulize magoti, muulize maji, muulize unga. Usiulize kwanza kama mtoto anasoma vizuri. Kisha tuma ya mtu wa kuteka maji, ujulishe na mchungaji wa hapo karibu asimamie. Likizo ikifika, njoo mwenyewe umchukue mtoto, hata kwa wiki mbili, ili mwalimu alale.

Walio karibu: njugu za Nyar Gwassi zimekomaa na hana wa kung'oa. Jumamosi hii tunakutana kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuondoke kabla ya jua. Vijana wote, kina baba pia. Amesema tusije na keki wala maombi marefu. Tuje na magunia, na kila mtu abebe maji yake ya kunywa.

Mbarikiwe.