Nilivyohamia Faiba

Kazi ya bodi nilijifunza Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi ambaye kwake puti nene ilikuwa aibu. Bati likibonyea alilinyoosha kwa nyundo, huku mkono wa pili umeshika kipande kizito cha chuma kwa upande wa ndani, akigonga taratibu mpaka bati lirudi mahali pake. Kisha alitandika kitambaa chepesi chini ya kiganja, akafumba macho, akaupitisha mkono mlangoni kutoka mbele hadi nyuma. Kitambaa kinazuia ngozi isikwame, ndipo vidole vinapokamata bonde ambalo jicho haliwezi kuliona. Nimelelewa katika kazi hiyo na naiheshimu mpaka leo. Ndiyo maana walionifahamu walishangaa nilipojijengea gari lenye bodi ya faiba, na ndiyo maana naona vyema nieleze nilifikaje huko.

Sasa naishi kusini mwa California, nafanya kazi kwenye gereji inayojenga hotirodi. Kwa asiyezijua, hizi ni gari za zamani, hasa Ford za miaka ya 1920 na 1930, zilizovuliwa kila kilicho mzigo na kutiwa injini yenye nguvu. Inayopendwa kuliko zote ni rodsta ya 1932, gari la wazi lisilo na paa la kudumu wala vioo vya kupandisha milangoni. Mara ya kwanza kuiona ikiingia gerejini nilisahau nilichokuwa nimeshika. Grili yake imesimama wima, boneti ni ndefu na nyembamba, na ubavu wa chasisi haukufichwa chini ya bodi bali umeachwa nje, una mkunjo wake unaofuata mstari wa gari lote. Nikajiambia kwamba siku moja nitakuwa na yangu, na itakuwa ya chuma. Wala sikudhani kuna la kuchagua hapo.

Wenzangu gerejini walisema hivyo hivyo. Kwa watu wa hotirodi chuma ni heshima. Gari la chuma likiuzwa linapata bei, na mwenye nalo anatembea kifua mbele. La faiba wanaliita la plastiki, hata kama limejengwa vizuri kuliko la jirani yake.

Basi nikaanza kutafuta bodi ya asili, iliyotoka kiwandani mwaka 1932. Zilizobaki ni chache na wenye nazo wanajua thamani yake. Nikapata moja kwa mtu anayeishi pembezoni mwa jangwa, imepakwa praima ya kijivu, inapendeza kwa mbali. Nilikuwa na sumaku ndogo mfukoni, niliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Juu ya mlango ilishika vizuri. Nikaiteremsha polepole, na ilipofika kama shubiri moja kutoka chini ikalegea, halafu ikaanguka. Nikajaribu upande wa pili, kisha nyuma karibu na buti, mambo yakawa yale yale. Puti, tena puti nene. Nikalala chini na tochi kuangalia kwa ndani: vipande vya mabati ya zama tofauti vimechomelewa kimoja juu ya kingine, kutu imejipenyeza katikati, na mbao zilizokuwa zikishikilia bodi kwa chini zimegeuka unga. Bei yake ingeninunulia gari jipya la kwenda kazini na chenji ikabaki.

Nililala pale chini nikipiga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Ningekata sehemu yote ya chini, nichonge mabati mapya, niyachomelee nukta kwa nukta na kuacha kila nukta ipoe, kwa sababu moto ukizidi bati jembamba hujikunja na kujaa mawimbi. Halafu ndiyo nianze kunyoosha hayo mawimbi. Nikimaliza, chuma cha 1932 kitakachokuwa kimebaki kwenye hilo gari la asili hakitafika hata nusu ya bodi. Hapo imani yangu ikaanza kutikisika. Nilikuwa naambiwa nilipe bei ya asili, na asili yenyewe imeshaliwa na kutu.

Ipo njia nyingine ya chuma, na ni njia nzuri kweli. Kule Ohio kuna kampuni iitwayo Brookville Roadster inayotengeneza bodi mpya za rodsta ya 1932 kwa bati jipya. Nimezifanyia kazi gerejini. Ni safi, hazina kutu wala viraka. Lakini ni ghali kuliko faiba kwa mbali, na hata ukishainunua, milango inataka kurekebishwa, maungio yanataka kusawazishwa, na bati lililo wazi linataka kulindwa lisishike kutu kabla hujafika kwenye rangi. Kwa mshahara wa fundi, hiyo ni safari ndefu.

Faiba nilikuwa naifahamu tangu pwani, kwenye boti. Kwenye gari sikuiamini, na bodi ya kwanza niliyoletewa gerejini ilinizidishia chuki. Ilikuwa nyembamba, ukiisukuma kwa kidole gumba inabonyea. Mlango ulikuwa umepinda kwa juu, hauna mfupa ndani. Ilipoanikwa juani viputo vikatokea chini ya rangi, vingine vikapasuka na kuacha matundu kama ya sindano. Nikasema, hii ndiyo faiba, yamekwisha.

Kilichonibadilisha ni bodi nyingine, ya mteja mzee aliyeinunua kwa Wescott's wa Oregon, mafundi ambao kwa miaka mingi wamesifika kwa kufuata vipimo vya Ford yenyewe. Nilipewa niiandae kwa rangi. Nikaweka kitambaa chini ya kiganja kama nilivyofundishwa, nikafumba macho, nikaupitisha mkono kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka mgongoni mwa gari. Sikukuta bonde. Nikarudia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikiutazama mwanga wa taa ndefu za dari ukiteleza ubavuni. Mstari ulikwenda bila kutetemeka. Ndani kulikuwa na fremu ya mabomba ya chuma inayoshika bawaba na vitasa, ili uzito wa mlango usibebwe na faiba peke yake. Nikaufunga mlango. Ukafunga kwa mlio mzito mmoja, bila ule mtikisiko wa debe ambao bati tupu huwa nao.

Nikaanza kuuliza namna inavyotengenezwa, nikaona kumbe tofauti ya bodi ile mbovu na hii ni mikono, wala si dawa. Kalibu inasuguliwa mpaka inang'aa, inapakwa nta, kisha tabaka laini la nje. Juu yake inalazwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyolowekwa rezini yenye dawa ya kugandisha, na fundi anapitisha rola kila sehemu kuukamua upepo. Akiharakisha hapo, upepo unabaki ndani na jua litakuja kuudai. Akiitoa bodi kwenye kalibu kabla haijakomaa, inapinda inakotaka yenyewe. Mtu anayefanya kazi hii kwa uaminifu ni fundi bodi kama mimi, na ilikuwa dhuluma kumwita mtu wa plastiki.

Tena jambo lenyewe si geni hapa Marekani. Mwaka 1953 Chevrolet walitoa Corvette ya kwanza, wakatengeneza 300 tu kule Flint, Michigan, zote nyeupe na zote zina bodi ya faiba. Leo ukikutana na mojawapo ya hizo, hakuna anayethubutu kumwambia mwenyewe kwamba lile si gari halisi.

Hata hivyo sikuamua upesi. Nilimpigia simu fundi wangu wa Gerezani, ambaye sasa macho yamepungua nguvu lakini bado anakwenda gerejini kuelekeza vijana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

Nikamweleza yote: bodi ya jangwani, ya Ohio, na hii ya faiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe wiki nzima unanyoosha mabati ya watu. Ukirudi nyumbani unataka gari, au unataka kazi nyingine?" Nikakosa jibu. Akaendelea, "Zile boti za faiba pale Feri zinapigwa na mawimbi miaka nenda rudi. Gari lako litapigwa na nini?"

Kutoka kwake yeye, aliyeona puti ni aibu, maneno hayo yalinifungua. Nikarudi kusoma na kuwauliza wazee juu ya vijana walioanzisha mambo haya. Machi 1932 Ford waliileta injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza. Gari hizo zilipochakaa na kuwa rahisi, vijana wa Los Angeles walizivua madigadi, bampa na paa, wakaenda kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda SCTA, chama ambacho mpaka leo kinaendesha mbio El Mirage. Vijana wale hawakukaa chini kuchagua chuma. Chuma ndicho kilichokuwapo, na walichokitaka ni gari jepesi la kwenda mbio. Bill NieKamp, ambaye rodsta yake ya 1929 ilishinda tuzo ya rodsta nzuri kuliko zote Marekani mwaka 1950, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza huko Oakland, hakuishia kuifunika turubai. Aliipeleka El Mirage, ikapita maili 140 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 225. Mtu anayelipaka gari rangi ya kushindania tuzo kisha akalipeleka kwenye vumbi, huyo ndiye niliyetaka kumfuata.

Nikanunua faiba. Nilichagua iliyo nzito, yenye fremu ya chuma ndani, nikakataa iliyokuwa rahisi. Kabla ya kugusa rangi niliifunga kwenye chasisi, nikarekebisha milango, kisha nikaiacha juani kiangazi chote ili ikomae na kama ina viputo vijitokeze mapema. Vichache vilijitokeza, nikavichimba na kuviziba.

Umeme ndio ulionifundisha zaidi. Kwenye gari la bati, bodi yenyewe hurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo taa ukiifunga kwa skrubu imeshapata njia. Faiba haipitishi umeme. Kila taa, kila geji, hata mdomo wa tangi la mafuta, unataka waya wake wa hasi uende mpaka kwenye chasisi. Nimeona gari la faiba ambalo ukikanyaga breki taa za nyuma zinafifia badala ya kuwaka, na mwenyewe amebadilisha balbu mpaka amechoka, kumbe waya ni mmoja tu haukufungwa.

Faiba ina madhaifu yake na sitayaficha. Kwa kuwa gari halina madigadi, tairi hurusha kokoto kwa nguvu kuigonga bodi kutoka ndani, na kwa nje zikatokea nyufa ndogo zenye umbo la nyota. Nimepaka tabaka nene la mpira upande wa ndani, inasaidia, ila nikitoka njia ya changarawe nainama kukagua. Siku nikiliuza sitapata bei ya chuma, hilo nalijua na nimelikubali. Na kama mtu ana bodi ya 1932 ambayo historia yake inajulikana, iliyokimbia Muroc au iliyokaa kwenye familia tangu babu, hata ikiwa imeoza, namsihi aitengeneze, na mimi nitakwenda kumsaidia kwa nyundo zangu. Kitu cha namna hiyo hakina mbadala.

Langu halina historia hiyo, linaanza nami. Jumapili alfajiri nalipandisha barabara ya Angeles Crest, milimani juu ya Los Angeles, upepo wote usoni, mke wangu pembeni amejifunga mtandio akishika kofia yangu nisiipoteze. Bado lina praima ya kijivu. Rangi tumekubaliana iwe buluu iliyokolea, na nitaipaka mwenyewe msimu wa baridi, wakati njia ya mlimani ina barafu na gari halina pa kwenda.