Safari ya Baiskeli Kutoka Utemini Hata Msitu wa Mgori

Wako watu wadhanio kuwa Singida ni nchi ya vumbi na upepo tu, kwa sababu wao huipita ndani ya basi, pazia limefungwa, wakienda Mwanza au Dodoma. Hao hatuwalaumu. Lakini aishiye hapa Utemini kama sisi, mwenye baiskeli na magoti yaliyosaliwa na nguvu kidogo, anazo habari nyingine.

Utemini ni kata mojawapo ya mji wa Singida, na jina lake latukumbusha zama za watemi. Mji wenyewe uko kando ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na kila utazamapo waona majabali makubwa yamekaa juu ya majabali mengine, kana kwamba mtu alikuwa akiyapanga akaitwa kwenda kula, asirudi tena. Hapa baiskeli si kitu cha kuchezea. Ni mnyama wa kazi: hubeba gunia la alizeti, madumu ya maji, kuku ndani ya tenga, na mara nyingine mgonjwa.

Basi vijana wa madrasa yetu walipotujia wakasema ya kuwa wameona katika simu picha za watu wakiteremka milimani kwa baiskeli, nao wataka kufanya vile, kwanza twalicheka. Kisha tukawauliza, "Mtateremkia wapi?" Wakajibu kwa pamoja, "Mgori, Maalim." Tukaona hapana sababu ya kukataa. Kijana wa miaka kumi na sita ukimnyima kilima atakitafuta peke yake, na huko hutakuwako.

Habari ya mchezo huo, kwa wasioijua, ni hii. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa California, huko Marekani, walishindana kuteremka njia ya vumbi katika kilima kilicho karibu na mji wa Fairfax. Urefu wake ni kilomita 3 na zaidi kidogo, na kushuka kwake mita 400 hivi. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu na nzito, zenye breki ya kurudisha pedeli nyuma. Breki hiyo ilishika moto hata grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu ikageuka moshi, ikawalazimu kushindilia grisi mpya kila wamalizapo mteremko. Ndiyo maana mashindano yale yakaitwa Repack, yaani kushindilia upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu iliyokusudiwa milima tangu mwanzo, na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Vijana wetu walifurahi mno kusikia ya kuwa jambo hili lilianza kwa baiskeli mbovu kama zao.

Tuliondoka Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, baada ya sala ya alfajiri, watu saba na baiskeli saba. Moja tu ndiyo iliyokuwa na gia. Nyingine zilikuwa zile nzito za siku zote, zenye breki za vyuma ambazo hubana rimu kwa vipande viwili vya mpira. Ya saba ilikuwa ya kuazima, mali ya mjomba wa kijana mmoja, na breki zake zote mbili zilikuwa zimekatika. Tulipomwuliza atasimamaje, akainua mguu akatuonyesha kandambili yake: huikanyagisha juu ya tairi, baiskeli ikasimama. Sisi wenyewe tulifanya hivyo utotoni. Tukanyamaza, tukaenda zetu. Tunaliandika jambo hili wazi kwa kuwa kosa lilianzia hapo, na mwenye kosa ni mwalimu.

Njia ya kwenda mashariki ina mchanga mahali, mawe mahali, na upepo wa Julai hukupiga kifuani kama mtu asiyetaka uende. Tulifika saa nne na nusu. Tukapita kwanza ofisi ya kijiji kutoa taarifa, kisha kijana mmoja miongoni mwa walinzi wa msitu akatuongoza.

Msitu huu una habari yake, nayo yastahili kuelezwa. Ni msitu wa miyombo wenye hektari zipatazo 44,000. Hapo kale ilikusudiwa ufanywe hifadhi ya serikali, na wanavijiji hawakuridhika kufungiwa nje ya kitu walichokulia ndani yake. Mwaka 1995 shauri likageuzwa: msitu ukawekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyopakana nao, kila kijiji kikapewa sehemu yake, kikaandika sheria zake, kikachagua walinzi miongoni mwa watu wake. Katika miaka ile ya kwanza ukataji holela na moto vikapungua sana, na Mgori ikawa mfano wa kutajwa mbali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuutambua msitu wa kijiji katika nchi nzima.

Ndani yake hakuna njia hata moja iliyochimbwa kwa ajili ya baiskeli. Njia zilizopo ni za ng'ombe, za walinzi, za warina asali wanaokwenda kutazama mizinga yao, na za akina mama. Nazo ni nzuri ajabu! Njia hupinda penye shina, ikapanda jabali bapa kama sakafu ya msikiti, ikazama katika majani makavu ambayo hulia chini ya gurudumu. Wakati wa adhuhuri tulitayamamu kwa mchanga, tukasali chini ya mninga mkubwa, na baada ya sala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Usiku tulilala kijijini kwa ndugu mmoja Muislamu aliyetukirimu kwa ugali wa mtama na kuku, Mwenyezi Mungu amlipe.

Siku ya pili, katika kurudi, tulitokea juu ya kilima ambacho njia yake imechimbwa na kwato hata ikawa kama mfereji, nyembamba, yenye kona mbili zisizoonyesha mbele. Vijana wakatutazama. Tukasema, "Haya, mmoja mmoja." Wawili wakateremka salama. Wa tatu alikuwa yule wa kandambili.

Tulisikia kishindo kabla ya kuona. Kandambili ilikatika katika kona ya pili, na pale chini alikuwa akipanda mama mmoja mtu mzima na dumu la maji kichwani. Alijitupa kando asigongwe, akaanguka juu ya mkono wake, na dumu likapasuka juu ya jiwe. Kijana naye alilala ng'ambo ya njia, goti limechanika, rimu imepinda kama ukindu.

Tulipofika tulimwamkia na kumwomba radhi. Hakupiga kelele. Aliyatazama maji yakizama mchangani, kisha akatuambia, "Mwalimu, njia hii ni ya maji. Nyinyi mnaichezea."

Watoto wetu wote wamehifadhi ya kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Siku ile udhia ulikuwa sisi.

Tukampeleka zahanati juu ya karia ya baiskeli, tukiisukuma polepole. Alhamdulillahi mkono haukuvunjika, ulikuwa umeteguka. Kisha vijana wakaazima madumu matatu nyumbani kwake wakaenda kisimani, wakapanga foleni nyuma ya akina mama wengine, ambao walikwisha kupata habari, wala hawakuwapisha. Kilima walichokuwa wakikiteremka kwa dakika moja, kukipanda wakisukuma maji kuliwachukua karibu saa nzima. Mama alitaja bei ya dumu bila ya haya, nasi tukailipa papo hapo.

Nyumbani ilitubidi kwenda kwa baba wa yule kijana, na kwa mjomba mwenye baiskeli, tukasema tuliiona hali ya breki tukaacha. Mjomba alitusamehe upesi kuliko baba. Wazazi wengine wawili tangu siku ile hawawapi watoto wao ruhusa ya kufuatana nasi, wala hatuwezi kusema wamekosea.

Baadaye tulisoma ya kuwa hata kule Marin, jimboni California, mchezo ulikozaliwa, waendao kwa miguu walilalamika sana. Katika njia za mlima Tamalpais mwendeshaji hawekewi zaidi ya maili 15 kwa saa, na penye kona isiyoonyesha mbele, au anapompita mtu, maili 5. Njia nyembamba nyingi amekatazwa kabisa. Tuliwasomea vijana habari hizo, na mmoja akasema maili 5 ni mwendo wa mtu aendaye sokoni. Ndivyo.

Sasa kila baiskeli hukaguliwa na fundi siku moja kabla ya safari, na isiyo na breki mbili hubaki Utemini pamoja na mwenyewe. Njia yenye watu twaishuka kwa miguu, tukishika usukani. Kupanda baiskeli ni kule ndani, juu ya majabali bapa, ambako mlinzi ametuambia hapapiti mtu wa maji. Atakaye kufuatana nasi na achukue maji yake mwenyewe, wala asije wakati wa mvua, maana udongo hujaa katika magurudumu hata baiskeli ikakupanda wewe.

Mwezi wa Agosti tulirudi Mgori watu watano. Mkono wa mama yule ulikwisha kupona, na dumu lake jipya ni la manjano. Tulikutana naye katika kilima kile kile, sote tukiwa chini tunatembea. Tulimwamkia akaitika vizuri. Lakini alikuwa amekwisha kutoka njiani, ametua dumu lake nyuma ya jiwe, akasimama pale hata baiskeli ya mwisho ikapita.