Kipimo cha Tiara

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hili lina haki yake shambani, kwa sababu ardhi humngoja mtu. Jembe likiwa zito mkulima atachoka mapema. Likiwa jepesi atachelewa kumaliza. Lakini udongo hautamkokota wala hautamtupa. Ipo kazi nyingine, hata hivyo, ambayo nusu yake hufanywa kabla haijaanzwa, nayo ni kazi ya mtu anayekabidhi mwili wake kwa upepo. Huko kuchagua si udhaifu wa mvivu, bali ni mwanzo wa ustadi. Mambo yaliyompata kijana mmoja wa Kitangari yanatosha kuwa ushahidi.

Kitangari iko katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, mbali na bahari. Ni nchi ya mikorosho na mihogo. Maji yake ni ya kutafutwa mabondeni, lakini upepo hautafutwi: miezi ya kiangazi huja wenyewe, ukatikisa miti na kupeperusha vumbi la njia. Hapo watoto hurusha tiara. Kijana huyu, alipokuwa mdogo, alifunzwa na mjomba wake kuchonga fito nyembamba za mianzi, kubandika karatasi kwa utomvu wa mkorosho, na kufunga mkia wa tambara. Asubuhi, upepo ukiwa mwanana, mzee alimpa tiara pana yenye mkia mfupi. Alasiri, upepo uliposhika nguvu, alimpa ndogo yenye mkia mrefu. Mtoto alinung'unika, kwani watoto hupima heshima kwa upana.

"Mjomba," mzee alimwambia, kama wajomba na wapwa waitanavyo, "usitazame tiara. Tazama majani ya mkorosho kwanza."

Mtoto aliyasikia maneno, hakuisikia maana. Siku alipoiba tiara kubwa na kuirusha alasiri, uzi ulikatika, akapoteza karatasi na kulia jioni moja. Ujinga wa utotoni ni wa bei nafuu.

Alipokua alikwenda Unguja kutafuta kazi, akafika Paje, pwani ya mashariki. Huko aliona tiara zinazokokota watu juu ya maji. Mahali pale pameumbwa kwa mchezo huo: mwamba wa mbali huvunja nguvu ya mawimbi, ndani yake maji ni haba juu ya mchanga mweupe, na pepo mbili huhudumia mwaka. Kaskazi huvuma baina ya Desemba na Machi, na kusi hushika hasa baina ya Juni na Septemba. Mchezaji hujifunga mshipi mpana, husimama juu ya ubao, na hushika mpini uliounganishwa na tiara kwa kamba za mita 20 au zaidi. Kijana aliajiriwa kujaza tiara hewa na kuzikunja jioni. Baada ya miezi michache alijifunza kuziendesha, akawa hodari kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa bara.

Tiara za bahari si za namna moja. Zipo zilizoshonwa kwa vyumba vingi vilivyo wazi upande wa mbele, ambavyo upepo wenyewe huvijaza. Hizo ni nyepesi, na hupaa hata upepo ukiwa dhaifu. Lakini zikianguka majini na kukaa, maji huweza kuingia vyumbani, na kuzirusha tena huwa taabu. Zipo nyingine zenye mirija iliyojazwa hewa kwa bomba. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya namna hii katika mwaka 1984. Mirija huzifanya zielee, na mwendeshaji huweza kuzirusha tena pale pale zilipoangukia. Ndiyo maana mwanafunzi hupewa hizi. Nazo hutofautiana kwa umbo: iliyopinda sana huvuta kwa ukaidi na haiachi nguvu upesi, iliyo bapa zaidi, kama upinde uliolegezwa, hupunguza nguvu yake karibu yote mpini unaposukumwa mbele. Mwenye busara huanza na ile inayokubali kunyamazishwa.

Baada ya aina huja ukubwa, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukubwa hupimwa kwa mita za mraba, lakini kipimo hicho peke yake hakisemi neno. Hutaka kuulizwa mambo matatu: uzito wa mtu, kasi ya upepo, na ujuzi wa mikono. Mtu wa kilo 75, katika upepo wa noti 15, yaani kiasi cha kilomita 28 kwa saa, hutosheka na tiara ya mita 11 hivi. Upepo ukifika noti 25, mtu yule yule atatosheka na mita 7. Sababu ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Tena tiara ndogo hugeuka upesi na kubwa hugeuka polepole, hata kosa la tiara kubwa huchelewa kusahihishwa.

Kijana aliyajua haya yote, naye aliweza kuyaeleza kwa wageni bila kusita. Siku moja ya kusi alipewa ruhusa ya kucheza. Asubuhi upepo ulikuwa noti 13, na tiara ya mita 10 ilimchukua kwa adabu, yeye mwenye kilo 60. Alasiri upepo ulifika noti 22. Ghalani ilikuwako ya mita 7, iliyomfaa. Lakini mgeni mmoja wa kilo zisizopungua 95 alikuwa akipaa hewani kwa tiara ya mita 10, na watu pwani walimshangilia. Kijana aliitazama tiara ya mgeni. Uzito wa mgeni hakuutazama. Akachukua tena ile ya asubuhi, bila kukumbuka kuwa nguvu ndani yake sasa ilikuwa karibu mara tatu.

Maji yalikuwa yanaanza kujaa, na wanawake walikuwa wanamalizia kazi katika mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza pwani ile katika mwaka 1989. Tiara ilimng'oa kijana juu ya ubao na kumburura kuelekea kwenye vigingi. Aliuvuta mshipi wa dharura akiwa amechelewa. Tiara ilikosa nguvu na kuanguka, lakini kamba zake zilikuwa zimekwisha kuzoa mistari sita ya mwani, na kigingi kimoja kilipita hatua mbili tu toka alipoinama mama mmoja mtu mzima.

Kijana alimwendea akitetemeka. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akiitazama mistari yake iliyotawanyika. "Marehemu baba alikuwa na matanga mawili, kubwa na dogo. Kusi likichachamaa alilitweka dogo, na hapana mtu aliyemwita mwoga. Wewe umekosa la kutweka?"

Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu tanga dogo alikuwa nalo. Bamvua lililofuata alishinda majini akifunga mbegu za mwani mstari kwa mstari, na sehemu ya mshahara wake ilikwenda kwa mama yule. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo hesabu hazikumfunza: kwamba anayechagua kipimo kwa macho ya watazamaji hulipisha watu ambao hawakuwa katika shangwe.

Mwaka uliofuata alirudi Kitangari kumwona mjomba wake. Alasiri moja mpwa wake mwenyewe alimletea tiara mbili, akaiinua ile pana kwa mikono yote miwili.

"Mjomba, turushe hii."

Kijana hakutazama tiara. Aliinua uso kwenye mikorosho, akaona majani yamegeuza tumbo na matawi yanainama. Akachukua ile ndogo, akaongeza mkia, akampa mtoto uzi. Mtoto alinung'unika. Mzee, aliyekuwa ameketi kivulini, alicheka peke yake, na tiara ndogo ikapanda juu ya miti, ikatulia.