Mstari Niliouongeza kwa Akiba

Kosa lilikuwa langu, lakini aliyelibeba ni mwingine. Naliungama hapa kwa sababu mafundi wengi wa vifaa vidogo tunalirudia, na kwa sababu aliyeumia alistahili kusafishwa jina lake waziwazi.

Nilifunga vifaa vya kupima joto kwenye majokofu ya ghala moja la dawa. Vilikuwa vikiendesha Alpine Linux, mfumo mwepesi unaotosha kwenye kifaa chenye nafasi finyu. Kila kifaa kilituma vipimo kwenye seva ya ghala, kikiitafuta kwa jina lake la ndani. Jina hilo lilijulikana na seva moja tu ya DNS, iliyokuwa humo humo ghalani. Kwenye faili la /etc/resolv.conf niliandika anwani ya seva hiyo, kisha chini yake nikaongeza mstari mwingine: nameserver 8.8.8.8, yaani seva ya umma ya Google. Niliamini itaulizwa pale tu ile ya kwanza itakaponyamaza.

Haukupita muda mrefu, vipimo vya usiku vikaanza kukatika. Kifaa kilidai jina la seva halipatikani. Nilikwenda mchana nikapima. Ping kwa anwani ya IP ilijibiwa. Nslookup niliyoielekeza moja kwa moja kwa seva ya ghala ilijibiwa pia. Laptopu yangu ya Debian, yenye mistari ile ile miwili, haikuwa na tatizo lolote. Basi nikaandika kwenye ripoti kwamba seva ya DNS ya ghala huzimika usiku. Kijana aliyeitunza aliitwa na wakubwa wake akakaripiwa mbele ya wenzake. Alijitetea kwamba seva haikuzimika hata mara moja, akanipa kumbukumbu zake nizikague. Sikuzifungua.

Vipimo vilipoendelea kukatika, niliacha tcpdump ikinasa pakiti za mlango wa 53 usiku kucha. Asubuhi nilikuta kila swali limetoka mara mbili kwa wakati mmoja: moja kwa seva ya ghala, jingine kwa 8.8.8.8. Usiku seva ya ghala hutengeneza nakala rudufu, hivyo ilichelewa kujibu. Seva ya umma iliwahi kusema jina hilo halipo, kifaa kikakubali. Jibu sahihi lilipofika, hakuna aliyelisubiri.

Sababu ni maktaba ya C. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2014, Alpine inatumia musl. Musl huziuliza kwa pamoja seva zote zilizoorodheshwa, zisizozidi tatu, na kuchukua jibu la kwanza. Kwake, "halipo" ni jibu kamili. Glibc, inayotumika kwenye Debian, kwa kawaida huuliza kwa zamu na kwenda kwa seva ya pili pale ya kwanza inaposhindwa kujibu. Ni sawa na kuulizia nyumba ya mtu kwa mwenyeji na mgeni kwa pamoja, kisha ukaondoka kwa sababu mgeni amewahi kusema hamjui. Waandishi wa musl wameieleza tofauti hii bayana. Mimi sikusoma. Nilipima kwa laptopu nikadhani nimekipima kifaa.

Marekebisho yalikuwa kufuta mstari mmoja. Seva ya ghala yenyewe hupeleka nje maswali ya majina isiyoyajua, kwa hiyo 8.8.8.8 haikuhitajika tangu mwanzo. Niliandika ripoti ya pili, nikaomba isomwe mbele ya watu wale wale, nikamwomba kijana yule radhi. Alinisamehe. Karipio alilopewa sikuweza kulirudisha, na zile saa za usiku ambazo joto la dawa halikurekodiwa hazijazibika.

Fundi mwenzangu, seva zote unazoorodhesha kwenye kifaa cha namna hii ziwe zinajua majina yale yale. Kipime kifaa chenyewe, saa ile ile kinayokosea, kwa programu ile ile inayolalamika. Na mtu akikuletea kumbukumbu zake, zisome kabla hujaandika jina lake kwenye ripoti.