Ekipe Haifanyiwi Matanga

Odio ilifika saa tano za usiku. Umeme ulikuwa umeshakatika, nikaisikiliza gizani nimelala chali, simu juu ya kifua. "Yaya," alisema mdogo wangu, "nimepata ekipe." Akanyamaza kidogo. Nyuma yake zilipita bodaboda, na watu wakawa wanaongea Kiganda kwa sauti kubwa, kama wanaobishana bei. "Wamenipa namba kumi na saba. Ya saba iko na mwenyewe."

Nilimjibu kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Kijana aliyefika Kampala na mfuko mmoja wa nguo, anayelala chumba kimoja na watu watano, sasa ana kocha, ana siku za mazoezi, ana watu watakaouliza yuko wapi asipoonekana. Nikampongeza, nikamwombea, nikazima simu. Kisha usingizi ukanikataa, kwa sababu nilikuwa najua namba saba iko wapi. Iko chini ya kitanda changu, ndani ya gunia, pamoja na jezi nyingine kumi na tatu.

Hapa Majengo, kartye yetu mjini Goma, alivaa ile namba tangu ana miaka kumi na minne. Alikuwa winga wa kulia, mwembamba, mwenye mbio ambazo ukiziona mara ya kwanza unadhani anaanguka. Asiyeujua uwanja wetu hawezi kuelewa mbio zile zilitoka wapi. Goma imejengwa juu ya mgongo wa volkano. Ukichimba msingi wa nyumba unakutana na mwamba mweusi kabla jembe halijazama, na ukianguka ukicheza mpira, goti linarudi nyumbani bila ngozi. Tulisafisha tereni yetu kwa mikono, tukaokota mawe miaka na miaka, tukayapanga pembeni yakawa ndiyo mstari. Lakini liko jiwe moja, hatua kama kumi kutoka kona ya kulia, ambalo halikung'oka. Tulipolichimba tuligundua si jiwe. Ni mwamba wenyewe, umetoa kichwa tu. Basi tukaliacha.

Mdogo wangu alijifunza kukimbia na lile jiwe. Mpira akiusukuma kushoto, yeye anainua goti juu, anapita hewani, anatua upande wa pili mpira ukiwa umeshafika. Mabeki wa kartye nyingine walikuwa wanalikumbuka wakiwa wameshachelewa. Mwisho akawa anainua goti popote, penye jiwe na pasipo jiwe.

Mwezi wa pili wa 2024 tulikuwa tumejazana mbele ya televisheni ya jirani, tunatazama nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan. Ilikuwa tarehe 7. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye panja kama bunduki. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Wakati ule njia ya Sake ilikuwa inapigwa mabomu, na kambi za pembezoni mwa mji zilikuwa zimefurika watu kutoka Masisi na Rutshuru. Tulifungwa bao moja kwa bila na Côte d'Ivoire, lakini watoto wa mtaani kwetu waliendelea kufanya ile ishara kila walipofunga goli.

Siku nne baadaye aliifanya Mkongo mwenzetu, Héritier Luvumbu. Yeye alikuwa Kigali, akichezea Rayon Sports, na alikuwa ameifungia bao dhidi ya Police FC. Shirikisho la soka la Rwanda likamfungia miezi sita, klabu ikaachana naye. Akarudi Kinshasa, akapokelewa kwa heshima, akasaini tena AS Vita Club, timu aliyowahi kuichezea zamani. Magazetini ikawa habari ya ushujaa na mwanzo mpya. Nami namheshimu mpaka leo, kwa sababu alituchagua sisi mahali ambapo kutuchagua kulikuwa na gharama. Lakini siku zile nilikuwa najiuliza jambo ambalo sikumwambia mtu: je, aliwaaga wenzake? Mle chumbani mwa kubadilishia nguo mlikuwa na mtu aliyewahi kumpa pasi za mabao. Mlikuwa na mahali pake pa kukaa. Mtu hachezi na wenzake miezi yote ile halafu akang'oka kati yao kama msumari, bila kuacha tundu.

Tuna desturi ya kuhesabu kufika. Wazee wetu wanapotaka kuwatia vijana moyo, humtaja mshambuliaji wetu, Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akachezea Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, kisha Zürich, Rennes, Monaco, Roma, Blackburn, Galatasaray. Wanayataja majina hayo kama ngazi za nyumba, na kwa kweli ni ngazi. Mwaka 2004, akitoka kuumia goti vibaya, alifunga dhidi ya Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na huku kwetu wapo wanaolisimulia bao lile kana kwamba walikaa nyuma ya goli. Lakini orodha ile ile ukiisoma kutoka chini kwenda juu, ni orodha ya timu alizoziacha. Sijamsikia mzee yeyote akiisoma hivyo.

Sisi hatukuhama kwa kusaini. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, tulikuwa tumelala sakafuni mbali na madirisha. Risasi zilipotulia, ilichukua wiki nzima kujua nani yuko wapi. Golikipa alikuwa amevuka mpaka hadi Gisenyi na mama yake. Mabeki wawili, ndugu, walichukuliwa na baba yao hadi Bujumbura, na baadaye nikasikia wako mbele zaidi. Namba kumi yuko Kinshasa kwa mjomba. Mmoja yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mdogo wangu aliondoka wa mwisho, na aliondoka kwa sababu nilimwambia aondoke.

Hakuna aliyekufa katika ekipe yetu. Kwa mwezi ule, katika mji huu, hiyo ni neema ambayo sitaacha kuishukuru. Na ndiyo maana sikujua niliweke wapi lile lililokuwa linaniuma. Kwetu mtu akifa kuna matanga. Watu wanakuja na viti, wanakaa, moto unawashwa, wanawake wanaimba, mfiwa anaachiwa asifanye kazi. Hata asiyekujua atakupa pole akiona turubai mbele ya nyumba. Ekipe haina matanga. Nilipokutana na mama wa mmoja wa mabeki karibu na soko, nikamwambia, "Mama, vijana wametawanyika," akanijibu, "Tumshukuru Mungu wako hai." Alisema kweli. Nikabeba uchungu wangu, nikaenda zangu.

Mwaka 2021 tulitawanyika pia. Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, lava ikashuka ikasimama kule Buhene, si mbali na sisi. Tarehe 27 amri ikatoka ya kuhamisha kartye kumi, na Majengo ilikuwemo. Tulitembea kuelekea Sake katika msafara wa watu, magodoro na mbuzi, mdogo wangu akiwa amelibeba gunia la jezi kichwani. Mama alimwuliza mara mbili kwa nini hakubeba sufuria. Mwezi wa sita tukarudi, na Jumapili ya kwanza walikuwa kumi na mmoja uwanjani. Volkano iliturudisha wote. Pengine kwa sababu hiyo nilidhani kutawanyika ni kitu chenye tarehe ya kurudi.

Odio ya pili ilikuja baada ya mazoezi yake ya wiki ya kwanza. Alisema kocha mpya ni mtu mzuri, hapigi kelele, ila kuna jambo moja anamsahihisha kila siku. "Ananiambia ninainua miguu sana. Anasema hapa ni nyasi, kimbia chini chini, utachoka bure. Yaya, huku tereni iko laini, miguu inakosa kitu." Na anajua kocha yuko sahihi. Beki wa kule hana jiwe la kumchelewesha. Zile mbio zilizomfanya awe yeye, kule zinampotezea nusu sekunde, na winga anaishi kwa nusu sekunde hiyo.

Nimeisikiliza odio ile mara nyingi. Atajifunza, ana miaka ishirini tu. Mwezi mmoja, miwili, goti litashuka, na siku moja atapita pembeni kama kijana yeyote wa Kampala, kocha atapiga makofi. Namtakia siku hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa itamaanisha amefika. Nami nitakuwa nimebaki peke yangu na zile mbio za zamani kichwani, wala hazitakuwa zinachezwa popote duniani.

Mwishoni mwa odio aliuliza, "Na tereni yetu iko namna gani?"

Sikumjibu siku ile. Jumapili nikaenda, kitu ambacho nilikuwa nimekikwepa kwa miezi. Yale mawe tuliyoyapanga kuwa mstari yalikuwa yameondolewa, nadhani kuna mtu ameyajengea ukuta, na simlaumu. Magoli hayapo. Watoto saba au wanane walikuwa wanacheza upande mmoja, mpira wa matambara na kamba, kandambili wamezivaa mikononi. Nikasimama kwenye kona ya kulia, pale alipokuwa anasimama kuomba pasi, nikarekodi dakika moja bila kusema neno: watoto, chukudu ya mbao ikipita na mzigo wa mkaa, na mlima kule nyuma umevaa wingu. Nikaituma.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, maandishi tu, mstari mmoja. "Yaya, jiwe bado liko."