Kiwanjani ya Isiolo na mshale uliolala

MTU akikuambia kwamba anakaa Kiwanjani, mjini Isiolo, huna haja ya kumwuliza ni kiwanja gani. Katika mji huu kiwanja kinachojulikana ni cha ndege, na mtaa huu umejibanza kando yake kama mtoto kando ya mama. Nyumba za mabati, maduka ya rejareja, misikiti, makanisa, mbuzi wanaotafuta maganda na akina mama wanaouza maziwa: vyote viko hapa, na lugha unazozisikia ni Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Uwanja wenyewe ulipanuliwa na kufunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017, ukiwa na njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 1.4. Wapo waliohama kuupisha upanuzi huo, na mazungumzo ya fidia yamesikika mjini kwa miaka mingi. Hata hivyo, ndugu msomaji, anayefika Kiwanjani hapokewi na mngurumo wa ndege. Hupokewa na mlio wa pikipiki. Ndizo zinazopeleka mwanafunzi shuleni, mgonjwa hospitalini, gunia la unga nyumbani na abiria stendi.

Hebu basi, kabla hujapanda, tupa jicho kwenye ile saa iliyo mbele ya dereva, ambayo mafundi huiita mita. Katika pikipiki nyingi za biashara utakuta kioo kimepasuka, au kimezibwa kwa karatasi ya gundi yenye maneno ya kuomba heri. Mshale umelala kwenye sifuri. Pikipiki inakwenda mbio, upepo unakupiga usoni, lakini kwa mujibu wa mita mmesimama pale pale stendi. Dereva ukimwuliza atacheka tu. Yeye, atakuambia, mwendo anausikia kwa masikio.

Lami ilipofika

Kauli hiyo ina historia yake. Kwa miongo mingi Isiolo ilikuwa mwisho wa lami. Ukitoka Nairobi ulisafiri kiasi cha kilomita 285, ukapita Nanyuki na Timau, ukateremka kwenye joto la Isiolo, na hapo barabara nzuri ikakuaga. Mbele yako palikuwa na kokoto, vumbi na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, karibu kilomita 500 hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Katika njia ya namna hiyo hakuna aliyehitaji mshale wa kumwambia kwamba anakwenda kasi. Mifupa yake ilimwambia.

Kuanzia mwaka 2007 lami ilianza kusogezwa kaskazini, kipande baada ya kipande, na ilipofika 2017 gari liliweza kutoka Isiolo hadi Moyale bila kukanyaga kokoto. Katika kipindi hicho hicho pikipiki zilizidi kumiminika nchini, hasa baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka 2008. Vijana wengi wakapata riziki, na vijiji vilivyokuwa mbali vikawa karibu.

Lakini lami ina hila yake: inaficha mwendo. Kwenye barabara laini, pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa haitetemeki kuliko ile iliyokuwa ikienda 30 kwenye kokoto. Upepo ukivuma kutoka nyuma, sikio halisikii kitu. Na katika mteremko wa kutoka Timau kuja Isiolo, injini hunyamaza huku magurudumu yakizidi kukimbia. Hapo anayetegemea masikio peke yake amekwisha kudanganyika.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kwa 80 hupita mita 22. Dereva akimwona ngamia au punda ameingia barabarani, sekunde moja au zaidi hupita kabla mkono haujashika breki. Aidha, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Je, mtu atakitiije kikomo ambacho hana chombo cha kukipima?

Si kila mshale uliolala umekufa

Mita ya pikipiki nyingi za kawaida ni chombo cha akili nyingi na vitu vichache. Asili yake ni kifaa kilichosajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Katika kitovu cha gurudumu la mbele mna gia ndogo. Gurudumu likizunguka, gia huzungusha uzi wa chuma uliomo ndani ya waya mrefu unaopanda hadi kwenye mita. Huko juu uzi huo huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini inapozunguka hukivuta nacho kifuate. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kikombe kisizunguke moja kwa moja, na mshale uliofungwa juu yake huonyesha ni kiasi gani kimevutwa. Namba za kilomita zilizo chini ya mshale huzungushwa na gia nyingine ndogo.

Sasa fikiria vumbi la njia ya Garba Tulla, mitetemo ya kokoto, na maji ya kuoshea pikipiki kila jioni. Vumbi huingia kwenye waya, grisi hukauka, uzi hukatika. Ndiyo maana fundi mwaminifu hakimbilii kukuuzia mita mpya. Kwanza hufungua waya pale unapoingia kwenye mita, huinua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono. Uzi wa ndani ukizunguka na mshale ulikuwa haupandi, mita ndiyo mgonjwa. Uzi usipozunguka, basi tatizo liko chini: ama uzi umekatika, ama gia ya kitovuni imelika meno. Waya mpya ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na mita nzima. Wapo waliobadilisha mita mbili mfululizo kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye uzi!

Mita ya dukani

Ikithibitika kwamba mita imekufa, mwenye pikipiki husimama mbele ya njia panda. Anaweza kununua ile ya kampuni iliyounda pikipiki yake, ambayo huenda ikabidi iagizwe na bei yake huuma, au ile iliyotengenezwa na viwanda vingine, ambayo hujaa kwenye maduka ya spea na hupatikana kwa nusu ya pesa au chini ya hapo. Wengi huchukua hii ya pili, na si kosa. Kosa ni kuichukua kwa kutazama sura.

Kila mita imepimwa kwa idadi fulani ya mizunguko ya uzi. Nyingi za mtindo wa Kijapani huhesabu mizunguko 1,400 kuwa kilomita moja. Tuseme umenunua mita ya namna hiyo, lakini gia ya gurudumu lako hutoa mizunguko 1,000 tu kwa kilomita. Itafungika vizuri, taa yake itawaka, mshale utapanda kwa madaha. Lakini ukiwa unakwenda 60, itakuonyesha 43! Mshale wa namna hiyo ni hatari kuliko ule uliolala, kwa sababu uliolala hauaminiwi na mtu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi husema mita inaweza kuzidisha mwendo kidogo, lakini isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ulio wa kweli.

Kwa hiyo, nenda dukani na mita yako ya zamani mkononi. Taja aina ya pikipiki, ukubwa wa injini na ukubwa wa tairi la mbele. Linganisha tundu la waya, mashimo ya boliti na plagi ya nyaya za taa. Kama ni mita ya kisasa ya namba za umeme inayotumia sumaku na kihisio gurudumuni, itakutaka uiambie mzingo wa tairi. Usikisie. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, dereva akae juu, sukuma hadi gurudumu lizunguke mara moja, kisha pima kwa futi. Mzingo wa tairi ukiwa mita 1.8 nawe ukaandika 1.6, mwendo wa 60 utasomeka 53.

Wakati wa kufunga, tenganisha betri kwanza, na utie alama nyaya za taa moja moja kabla ya kuzichomoa. Waya wa mita usikunjwe kwa pembe kali, maana utakatika tena baada ya majuma machache. Grisi ipakwe kidogo tu, na sehemu ya juu ya uzi iachwe kavu ili grisi isipande hadi ndani ya mita.

Kisha ijaribu. Tafuta kilomita moja iliyopimwa barabarani, shika mwendo mmoja usiobadilika, na abiria atazame saa. Kwa kilomita 60 kwa saa, umbali huo huchukua sekunde 60 kamili; kwa 50, sekunde 72; kwa 40, sekunde 90. Abiria mwenye simu inayopima mwendo kwa setilaiti anaweza kulinganisha pia, lakini awe abiria, si dereva!

Namba zinazoanza upya

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mita mpya huanza na sifuri, hali pikipiki imekwisha kutembea maelfu ya kilomita. Mwenye pikipiki akisahau, hatajua lini abadilishe oili, lini aangalie mnyororo, lini atupe tairi. Na siku ya kuiuza, mnunuzi ataona namba ndogo na kudhani amepata mali changa. Dawa yake ni nyepesi: siku ya kubadilisha, andika kwenye daftari namba ya zamani na tarehe, na risiti ya fundi iwekwe pamoja na kitabu cha pikipiki. Anayeuza na amwonyeshe mnunuzi daftari hilo. Anayenunua na aliulize.

Kwa watu wa Isiolo, namba hizo pia ni uhai. Archer's Post iko kiasi cha kilomita 35 tu kaskazini, lakini Garba Tulla iko zaidi ya kilomita 100 mashariki, katika nchi kavu ambako huwezi kutegemea kukuta kituo cha mafuta kila unapotaka. Dereva anayejua kwamba lita moja humpeleka kilomita 40, na kwamba ametia lita tano, anajua kwamba ana kilomita 200. Akiwa na mita nzima hugeuka mapema au hununua mapema. Asiye na mita hutikisa tangi na kusikiliza mlio wa petroli, akiwa na mama mjamzito nyuma yake na jua la saa nane utosini.

Katika ndege zinazotua pale kando ya mtaa, rubani hapaishi chombo kabla ya kutazama saa zake, na mshale wa mwendo ni mmoja wa anaoutazama kwanza. Abiria wa ndege hulipia uangalifu huo katika tiketi. Abiria wa pikipiki hana tiketi, lakini ana macho na ana mdomo. Wazazi mnaomkabidhi mtoto kwa dereva yule yule kila asubuhi, mwulizeni habari ya mita yake kama mnavyomwuliza habari ya kofia ya usalama. Na wewe kijana unayemiliki pikipiki, kabla ya kununua taa za rangi na redio ya kupamba chombo, mpe fundi nusu saa alipime gurudumu la mbele. Huenda unachohitaji ni uzi tu.