Mkono wa Mama na Ugonjwa wa Sukari

Sisi ni watoto wa mama mmoja hapa Nyarugusu. Mwezi huu tunapenda tuongee juu ya jambo ambalo familia nyingi zenye mgonjwa wa sukari wanalo nyumbani: nguvu za mkono kupungua na miguu kuwa mizito.

Mama ana ugonjwa huu mwaka wa tisa sasa. Habari za macho na vidonda vya miguu tulizisikia zamani. Za mkono, hapana. Kwanza alishindwa kufungua kizibo cha bido. Halafu akawa anasonga ugali na kupumzika katikati. Majirani walisema ni uzee tu. Sisi tukamwuliza muuguzi.

Akatueleza hivi: sukari ikikaa juu miaka mingi, misuli inapungua, mishipa ya fahamu inaharibika, vidole vinakufa ganzi, na viungo vyake vinakakamaa. Akamwambia mama aunganishe viganja kama mtu anayesali. Vidole havikukutana vizuri, pakabaki nafasi. Kisha akamwambia ainuke kitini mara tano, mikono ikiwa kifuani. Ikizidi sekunde 15, nguvu za miguu zimepungua. Mama alitumia 22.

Tena mkono unatoa habari za mwili mzima. Utafiti uliotoka mwaka 2015, wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba wenye mkono dhaifu wana hatari kubwa zaidi ya kufa mapema.

Hapo ukoo ukagawanyika. Wajomba walitaka mama asiguse kazi tena, akae mkekani apewe heshima yake. Mama akakataa: "Mkinikalisha, mtanizika nimekaa." Muuguzi naye akasema misuli isiyofanya kazi inazidi kupungua.

Basi tukapanga. Bido la lita 20 ni letu; yeye anabeba chupa mbili za lita moja. Sombe anaponda kidogo, tunampokea. Asubuhi anakamua kitambaa chenye maji mara kumi kila mkono, anainuka kitini mara kumi. Jioni tunatembea naye pole pole, karibu nusu saa, siku tano kwa wiki. Anavaa viatu, na tukirudi tunakagua nyayo. Mfukoni tunabeba sukari: akianza kutetemeka na kutoka jasho, anakaa chini na kuilamba mara moja. Dawa haachi hata siku moja.

Baada ya miezi minne anainuka kwa sekunde 17. Vidole bado havikutani, pengine vitabaki hivyo. Lakini ugali wa sufuria ndogo anausonga mwenyewe, na wajomba wanakula.

Ndugu zetu, mwangalieni mgonjwa wenu anavyofungua chupa na anavyoinuka. Mkiona shida, msemeni kliniki siku ya dawa. Mwenye kidonda mguuni aonwe kwanza kabla ya mazoezi. Na mkono mmoja ukilegea ghafla, au mdomo ukienda upande, hiyo si ya kungoja: kimbilieni hospitali saa ileile.

Msimnyang'anye mgonjwa kazi zote. Mpunguzieni uzito, mwachieni mwiko.

Ni sisi, watoto wake.